Kulinda injini ya 2ZZ-GE isizidishwe resi kwa bahati mbaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wenye Toyota Runx Z, Allex RS180, Fielder Z na Celica zenye injini ya 2ZZ-GE na gia sita za mkono. Gari hizi zimeingia kwa wingi Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa kutoka Japani, na nyingi zinaendeshwa na mtu wa tatu au wa nne asiyejua kilicho chini ya boneti. Mwenye Honda ya VTEC au Altezza RS200 naye atafaidika, ila takwimu za gia zitakuwa tofauti.

Injini hii ina nini cha pekee?

Ni injini ya cc 1,796 ambayo Toyota iliitengeneza kwa kushirikiana na Yamaha, ikatoka na Celica ya mwaka 1999. Kwa soko la Japani ilitajwa kutoa nguvu farasi 190 ikiwa kwenye RPM 7,600 (RPM, au resi, ni mizunguko ya injini kwa dakika). Kampuni ya Lotus ya Uingereza iliiweka kwenye Elise 111R, na hiyo peke yake inatosha kukuonyesha kwamba hii si injini ya kawaida ya kwendea sokoni.

Siri yake iko kwenye kamshafti, mhimili wenye nundu zinazofungua vali. Kila silinda ina nundu za aina mbili: za upole kwa mwendo wa kawaida, na za juu zinazofungua vali kwa kina zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Ukifika kwenye RPM 6,000 hadi 6,200 hivi, shinikizo la oili linasukuma kipini kidogo chini ya roka (mkono mdogo unaosukuma vali), na zile nundu za juu zinashika kazi. Sauti inabadilika palepale na gari linavuta upya. Wenyewe wanaita lifti. Chini ya hapo Runx Z haina tofauti kubwa na Runx nyingine yoyote.

Kwa hiyo dereva analazimika kuipandisha juu ili apate alichokinunua. Kibaya zaidi, gia zenyewe zinamsukuma. Ukitoka gia ya 2 kwenye RPM 8,000 ukaingia gia ya 3, resi zinashuka hadi kama 5,780, yaani chini ya lifti, na gari linapoa. Ndiyo maana watu husubiri hadi sekunde ya mwisho, kisha wanabadilisha gia kwa pupa. Ajali nyingi za resi huzaliwa kwenye pupa hiyo.

Kompyuta si inakata mafuta? Kuna hatari gani tena?

Inakata, tena vizuri. Ukikanyaga moto gia ikiwa huru, au ukisahau kubadilisha gia wakati unaongeza mwendo, kompyuta inazuia mafuta kwenye RPM karibu 8,200 (inatofautiana kidogo kwa mwaka na kwa soko) na injini inabaki salama. Kosa la mguu lina mlinzi.

Kosa la mkono halina. Ukiingiza gia ya chini mno gari likiwa kasi, kinachozungusha injini si mafuta tena bali matairi. Gari la zaidi ya tani moja linaivuta krankshafti (mhimili mkuu wa injini unaozungushwa na pistoni) kwa nguvu, nayo haina pa kukimbilia. Kompyuta inaweza kukata kila tone la mafuta na mshale ukaendelea kupanda. Hakuna kifaa kwenye gari hizi kinachozuia hilo. Dereva anayeniambia "yangu ina limita, haifi" huwa namwomba arudie kusoma sehemu hii.

Nikikosea gia, resi zinafika wapi hasa?

Hii ni hesabu tu, kwa sababu uwiano wa gia unajulikana: zidisha resi kwa uwiano wa gia unayoingia, kisha gawanya kwa wa gia uliyotoka. Gia ya 1 ni 3.166, ya 2 ni 2.050, ya 3 ni 1.481, ya 4 ni 1.166, ya 5 ni 0.916 na ya 6 ni 0.725.

Uko gia ya 3 kwenye RPM 8,000 na unataka ya 4. Ukiipata, unashuka hadi 6,300 hivi, bado uko ndani ya lifti, mambo mazuri. Ukiikosa ukaingia ya 2, unapanda hadi 11,070.

Uko gia ya 2 kwenye 8,000, unataka ya 3, mkono ukarudi kwenye ya 1: RPM 12,350.

Uko gia ya 5 kwenye 6,000 tu, hata hujakimbiza sana, unataka kushuka ya 4 upite gari lililo mbele, mkono ukapitiliza hadi ya 2: zaidi ya 13,400. Huu wa mwisho ndio unaonitisha zaidi, kwa sababu unaanza kwenye mwendo ambao dereva anauona wa kawaida.

Kweli, tairi huweza kuteleza na klachi ikapoteza kidogo, kwa hiyo si kila mara hesabu inatimia yote. Lakini injini hii haihitaji kufika 12,000 ili iumie.

Ni nini kinachovunjika?

Pistoni ya 2ZZ inasafiri milimita 85 kutoka juu hadi chini. Kwenye RPM 8,000 mwendo wake wa wastani ni karibu mita 22.7 kwa sekunde, na huo tayari ni mkubwa kwa gari la barabarani. Kwenye 11,070 unafika mita 31 kwa sekunde. Nguvu inayovuta pistoni na konrodi (fimbo inayoiunganisha na krankshafti) haiongezeki kwa kiasi hichohicho, inaongezeka kwa mraba: resi zikipanda kwa asilimia 38, mzigo unakaribia kuwa mara mbili.

Mara nyingi vali ndizo zinazotangulia kuumia. Springi ndiyo inayoirudisha vali mahali pake baada ya nundu kupita, na ina kikomo cha wepesi wake. Resi zikipita hapo, vali inachelewa kufunga wakati pistoni inapanda. Zinakutana. Ukifungua hedi ya injini iliyokutwa na mkasa huu, utaona juu ya pistoni alama ya hilali iliyong'aa, pale ukingo wa vali ulipogonga, na ukiiviringisha ile vali juu ya kioo utaona kichwa kinayumba. Wakati mwingine kikombe kinachoshika springi kinapata ufa, vali inadondoka ndani ya silinda, na hapo injini inajisaga yenyewe.

Kuna jambo jingine la kusikitisha kuhusu bloku hii. Kuta za silinda hazina slivu (mirija) za chuma kama injini nyingi tulizozizoea. Ni alumini iliyoimarishwa kwa nyuzi ngumu. Zikichubuka, huwezi kuipeleka kwa fundi wa mashine akachonga na kuweka pistoni za oversaizi kama afanyavyo kwenye injini nyingine. Wengi huishia kutafuta injini nyingine, na 2ZZ nzima haipatikani kirahisi wala kwa bei ya 1ZZ, ndugu yake wa kawaida, iwe Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi).

Nasikia pampu ya oili ndiyo ugonjwa wake. Ni kweli?

Ni kweli, na watu wengi hawaiunganishi na resi. Pampu ya oili ya 2ZZ imekaa mbele, inazungushwa moja kwa moja na krankshafti. Gia zake zimetengenezwa kwa unga wa chuma ulioshindiliwa, si chuma kilichochongwa. Zinavumilia kazi ya kawaida kwa miaka, lakini resi za kupindukia na mtetemo wa krankshafti huzipasua. Nimeshika gia ya ndani iliyotolewa kwenye injini ya Runx: ufa wake ulikuwa mwembamba kama unywele, ukianzia kwenye kona ya sehemu inayoshika krankshafti. Ilikuwa bado inafanya kazi.

Ndiyo maana injini inaweza kuonekana imepona baada ya kukosea gia, ikafa baadaye bila kosa jipya. Ufa ulianza siku ile. Pampu ikipasuka kabisa, shinikizo la oili linapotea kwa mara moja, na kabla hujaiona taa nyekundu beringi za konrodi zimeshaanza kuliwa. Kwa mtu anayeipeleka gari uwanja wa mashindano, au aliyewahi kukosea gia, mimi naona ni busara kubadilisha gia za pampu kwa zile za chuma kilichochongwa siku ambayo kava ya mbele imefunguliwa kwa sababu nyingine, mfano kubadilisha cheni. Kazi kubwa ni kufungua; ukishafungua, usirudishe zile za zamani.

Mbona mkono unakosea hata kwa dereva mzoefu?

Mara nyingi gari limechoka kuliko dereva. Injini imelala kwa upana na imeshikwa na mauntingi zenye raba. Raba zikifa, injini inainuka unapokanyaga moto na kulala unapoachia, na gia boksi inakwenda nayo. Njia ya gia ya 3 iliyokuwa hapa, sasa imesogea. Ongeza bushi za mkono wa gia na za kebo zilizokauka kwa miaka 20, utakuta mkono unacheza hovyo hata gia ikiwa imeshaingia.

Jipime hivi: gari limesimama, injini imezimwa, weka gia ya 3 kisha tikisa mkono kulia na kushoto. Ukiona unacheza kama bado uko huru, bushi zimekwisha. Halafu mwambie mwenzako akae kwenye usukani na awashe injini, breki ya mkono imevutwa na mguu uko kwenye breki, aachie klachi kidogo tu kwenye gia ya 1 halafu rivasi, huku wewe umesimama pembeni, si mbele ya gari, ukiangalia injini. Ikiruka sana, mauntingi zimekufa. Ukarabati huu ni wa bei ndogo sana ukilinganisha na injini, na ndio ninaoushauri kabla ya kitu kingine chochote kwenye orodha hii. Kabla ya rimu, kabla ya egzozi, kabla ya filta ya kelele.

Nishikeje mkono wa gia?

Usiukabe. Gia za 1, 3 na 5 ziko mbele, za 2, 4 na 6 ziko nyuma, na kuna springi zinazourudisha mkono wenyewe katikati, kwenye mstari wa 3 na 4. Kazi yako ni kusukuma mbele au kuvuta nyuma tu, upande waachie springi.

Kutoka 2 kwenda 3: sukuma mbele hadi utoke kwenye gia, legeza vidole, springi ziulete katikati, endelea mbele. Ukiwa umeubana kuelekea kushoto, unarudi kwenye 1.

Kutoka 3 kwenda 4: vuta nyuma moja kwa moja kwa vidole, bila kukunja kiwiko. Sisi ambao usukani uko kulia tuna nafuu hapa, kwa sababu mkono ukijivutia kuelekea mwilini unaangukia upande wa 6, na gari linazubaa tu. Anayekaa kushoto akijivutia hivyohivyo anaangukia 2.

Kutoka 5 kwenda 4 ndipo sisi tunapoumia. Unasukuma mkono mbali na mwili huku unavuta nyuma, na ukiwa na haraka unapita katikati bila kujua. Fanya kwa hatua mbili: toa kwenye 5, acha mkono utulie katikati sekunde moja, ndipo uvute nyuma.

Gia ikigoma kuingia, nifanyeje?

Iache. Sinkronaiza lazima izungushe sehemu za ndani ya gia boksi hadi zilingane na mwendo wa gari kabla gia haijaingia. Gia ikiwa ya chini mno kwa mwendo huo, kazi inakuwa kubwa na mkono unakuwa mzito. Uzito huo ni onyo, na ni onyo la pekee utakalolipata. Dereva anayelazimisha kwa ngumi analipuuza.

Nikiwa bado nimekanyaga klachi, niko salama?

Injini iko salama, kwa sababu haijaunganishwa. Usiachie, toa gia, tafuta iliyo sahihi. Lakini sahani ya klachi yenyewe tayari inazungushwa na gia boksi kwa resi zile za kutisha, na inaweza kupasuka ikatupa vipande ndani ya nyumba yake. Kwa hiyo usikae umekanyaga klachi ukiwa ndani ya gia ya 1 kwa kasi kubwa ukidhani hakuna kinachotokea.

Hapa pia ndipo faida ya kuachia klachi taratibu inapoonekana. Anayeachia kwa kuruka mguu anapata RPM 11,000 kwa pigo moja. Anayeachia kwa ustaarabu anasikia injini inapiga kelele mapema, anakanyaga tena.

Je, kuna namna rahisi ya kujua kama gia ya chini inafaa?

Kariri namba tatu: 60, 95, 130. Kwa tairi za 195/55 R15, hizo ndizo kilomita kwa saa ambazo gia ya 1, ya 2 na ya 3 zinakaribia RPM 8,000. Ukiwa juu ya 95, gia ya 2 haipo. Ukiwa juu ya 130, ya 3 haipo. Kama umebadilisha saizi ya tairi kwa kiasi kikubwa, piga hesabu upya.

Pia breki kwanza, gia baadaye. Mtu anayetumia gia kupunguza mwendo badala ya breki ndiye anayeingiza gia mapema kuliko inavyotakiwa. Kupiga resi kidogo kabla ya kuachia klachi ni ufundi mzuri, unatunza klachi na unalainisha gari, ila hauokoi kitu kama gia uliyoichagua si yake.

Nikishuka mteremko mrefu kama wa Kitonga (Tanzania) au Mai Mahiu (Kenya) kwa gia ndogo, injini haitazidi resi?

Kwa 60 km/h kwenye gia ya 3 uko RPM 3,600 hivi; kwenye ya 2 ni karibu 5,000. Injini haina shida kabisa na hizo. Angalia tu kwamba mteremko unaendelea kukusukuma, kwa hiyo mshale ukipanda tumia breki kwa vipindi kuurudisha. Chagua gia kabla mteremko haujaanza, si katikati yake gari likiwa limeshashika kasi.

Ya kwangu ni otomatiki. Inanihusu?

Kidogo. Kompyuta ya gia boksi inakataa kushusha gia kama resi zitapitiliza. Angalia oili na uendelee na maisha.

Kugonga limita mara kwa mara kunaua injini?

Kugusa mara moja moja hakuui. Kuikalisha pale gari likiwa limesimama, ili watu wasikie mlio, ni jambo jingine: kila mafuta yakikatwa na kurudi krankshafti inapata mshtuko, na tumeshaona gia za pampu ya oili zimetengenezwa kwa nini. Nakusihi usifanye.

Vivyo hivyo na wanaouza huduma ya kupandisha limita kwa kuchezea programu. Kama springi, vikombe vyake na pampu ni vya kiwandani, kupandisha limita ni kuondoa ulinzi pekee uliokuwa nao. Kinachofaa zaidi ni taa ya kubadilishia gia iliyowekwa kwenye RPM 7,600, ili macho yasikimbilie mshale wakati mkono una kazi. Kwa gia ya 1 iweke mapema zaidi kama kifaa kinaruhusu, kwa sababu mshale unapanda haraka kuliko mkono.

Lifti haifanyi kazi kwangu hata nikipita 6,500. Niendelee kuipandisha?

Hapana. Kwanza hakikisha injini imepata moto. Mfumo haukubali kufanya kazi maji yakiwa bado baridi, na oili huchelewa kupata moto kuliko maji. Ikiwa imeshapata moto na bado hakuna kitu, pima kiasi cha oili, kisha mwambie fundi atazame boliti za oili kwenye shafti za roka. Za matoleo ya mwanzo zilikuwa zinalika na kukatika, na Toyota ilibadilisha muundo wake. Kuendelea kuipandisha ukitafuta lifti isiyokuwepo ni kuumiza injini bila kupata nguvu yoyote. Na kijiti cha oili kiangalie kila unapojaza mafuta: 2ZZ inayokimbizwa hunywa oili.

Imeshatokea. Nimekosea gia na mshale umepiga mwisho. Nifanye nini sasa hivi?

Kanyaga klachi, toa gia, sogea pembeni. Taa ya oili ikiwaka, au ukisikia mgongano wa chuma, zima na usiiwashe tena. Ita gari la kuvuta. Kila mzunguko wa ziada unaongeza gharama.

Kama inanguruma sawasawa bila taa, bado usijipongeze. Endesha taratibu hadi gereji na omba vipimo kwa mpangilio huu: kompresheni kwenye silinda zote nne, injini ikiwa imepata joto na pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho, kisha kupima uvujaji kwa upepo ili kujua kama kinachovuja ni vali au ringi, kisha kamera ndogo kupitia tundu la plagi kutafuta ile alama ya hilali. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa psi 30, vali imepinda hadi ithibitishwe vinginevyo. Mwambie fundi apime nafasi za vali na shinikizo la oili kwa geji ya kweli. Mwaga oili kwenye beseni safi, pitisha sumaku, kata filta uitazame.

Ukiambiwa "inawaka vizuri, haina tatizo" bila kipimo hata kimoja, tafuta fundi mwingine.

Nanunua ya mkononi. Nitajuaje kama ilishazidishwa resi?

Porsche hurekodi kwenye kompyuta idadi ya nyakati injini ilipozidi resi, na wanunuzi wake huomba ripoti hiyo. Kwenye Runx au Celica usitegemee kitu kama hicho. Tegemea vipimo vilevile vya juu, na muuzaji anayekataa kipimo cha kompresheni amekujibu. Linganisha namba ya injini na kadi ya gari au logbook. Ikiwa imebadilishwa, uliza ya kwanza ilikufa na nini. Iwashe ikiwa baridi kabisa, si baada ya muuzaji kuipasha moto, usikilize cheni na vali. Tikisa mkono wa gia kama nilivyoeleza. Halafu kaa kiti cha abiria, mwache mwenyewe aendeshe, na utazame mkono wake wa kushoto anapotoka 5 kwenda 4.